Jina Langu kwenye Kaburi la Kando ya Uzio

Nimechonga mawe ya makaburi kwa miaka kumi na moja. Siku moja, saa nne asubuhi, chai yangu ikiwa bado inafuka moshi, nililetewa karatasi yenye jina langu.

Siyo jina linalofanana na langu. Langu. Yote matatu: la kwangu, la baba, la babu.

Chini yake tarehe mbili. Ya kuzaliwa na ya kufa.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mtanisamehe.

Karakana yetu ni ndogo. Kuna Fundi, kuna mimi, na kuna mashine ya kukatia inayopiga kelele kama ina ugomvi na mtaa mzima. Fundi aliniita Patasi tangu wiki ya kwanza, na wateja wote wananijua kwa hilo. La kuzaliwa nadhani hata yeye alishalisahau.

Fundi ana sharti moja. Jiwe halina ufutio. Kabla ya kuchonga, analisoma jina kwa sauti, na ndugu wa marehemu anajibu, "Ndiye." Mara tatu. Rafiki haruhusiwi. Jirani haruhusiwi.

Zamani aliwahi kuchonga jina aliloambiwa na jirani. Kumbe aliyekufa alikuwa mdogo mtu. Kaka mtu ndiye aliyelirudisha lile jiwe, mzima wa afya, kalibeba begani.

"Tangu siku hiyo," Fundi husema, "mimi na majirani, salamu tu."

Kazi yangu nyingine ni maana. Familia nyingi hupenda maana ya jina iandikwe chini yake, kwa herufi ndogo. Nina daftari. Irene, la Kigiriki, amani. Renata, la Kilatini, aliyezaliwa upya. Dolores, la Kihispania, majonzi. Malomo, la Kiyoruba, usiende tena. Hupewa mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa.

La kwangu maana yake ni mwanga wa alfajiri. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama, "Nimerithi kwa nani?"

Akanijibu, "Kwa mwenye nalo."

Sikuuliza tena. Nyumbani kwetu maswali yalikuwa kama wageni, yakija zaidi ya mara moja yanachosha.

Basi, aliyeleta karatasi alikuwa mtunza makaburi, mwanaume wa makamo mwenye buti za mpira.

"Karibu, bwana," Fundi akamwambia. "Wewe ndiye mtu pekee nisiyemwambia karibu tena."

"Utaniambia tu. Nimekuletea mtoto. Miaka miwili na mwezi mmoja."

Utani ukaisha hapo hapo.

Akaeleza. Kuna kaburi dogo kando ya uzio, halina jina. Mama mmoja alikuwa akija kila mwezi, anang'oa majani, anakaa. Mwaka jana alimpa hiyo karatasi. Akamwambia, nikiacha kuja, ipeleke kwenye karakana ile ya karibu na kituo cha maji. Siyo nyingine.

"Huu mwezi wa tatu hajaja."

Mama yangu tulikuwa tumemzika miezi mitatu iliyopita, kwao, safari ya siku nzima kutoka hapa.

Nilichukua karatasi. Mwandiko ulikuwa wake, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Huyo mtoto alizaliwa miaka miwili na miezi mitano kabla yangu. Alikufa miezi minne kabla sijazaliwa.



"Ndugu yuko wapi?" Fundi akauliza. "Mimi sichongi bila ndugu."

"Ndugu ndiye huyo haji tena," mtunza makaburi akasema.

Nikaikunja karatasi. "Niachieni mimi," nikasema.

Mchana ule nilikwenda kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho. Ni fundi cherehani. Alikuwa anapinda sketi za shule, kinywani ana pini.

"Umekonda, mwanangu. Unakula?"

Nikaiweka karatasi juu ya cherehani. Mguu wake ukasimama.

Akazitoa pini kinywani, moja moja.

"Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema zaidi."

"Huyu nani, mama mdogo?"

"Dada yako."

"Kwa nini ana jina langu?"

"Sema vizuri. Wewe ndiye una jina lake."

Nilizaliwa, akasema, nikapewa jina lingine kabisa. Siku ya saba nikaanza kuumwa kama alivyoumwa dada. Homa ile ile, kukataa ziwa kule kule. Mama akaingia chumbani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa ananiita kwa jina la marehemu.

"Alisema kifo kina orodha. Jina likishapigwa mstari hakirudii. Kikija mlangoni kikakusikia unaitwa hivyo, kitasema huyu nilishamchukua, kitaondoka."

"Na kikaondoka?"

"Si uko hapa?"

"Na yeye? Kaburini aliwekwa bila jina?"

Mama mdogo akaanza kulia. "Asingeweza kuwa nalo yeye na wewe pia. Mama yako aling'oa kibao cha kaburi kwa mikono yake. Kila siku alikuwa anasema nitamrudishia. Lakini ukiwa hai, anaogopa. Akaona bora afe yeye kwanza. Akasema, nikishatangulia, nitakaa mlangoni mwenyewe, kifo kisipite."

"Jina langu la kwanza lilikuwa nani?"

"Lilikaa siku saba tu, mwanangu. Aliniapisha nisilitaje. Usiniulize."

Wiki ile sikuwa mtu. Nilikaa kwenye foleni ya zahanati nikiuguza kifua, vumbi la mawe. Nesi akaita jina langu. Sikusimama. Nilimsubiri mwenyewe asimame.

Akaita tena. Watu wakageuka, wanatazamana. Kwenye benchi, nafasi iliyokuwa kati yangu na ukuta ilikuwa tupu, ila niliona kama nimembana mtu.

Sikuweza kumaliza chakula. Sikuweza kusaini. Kila nilipoandika, niliona mkono mdogo umelala chini ya wangu.

Na niliogopa, sitadanganya. Nikilirudisha, kifo kikija kitanikuta naitwa nani? Nisipolirudisha, mtoto wa miaka miwili ataendelea kulala bila jina ili mimi niendelee kunywa chai.

Ijumaa nikamwambia Fundi, "Lile jiwe la mtoto, ndugu amepatikana."

"Aje."

"Amekuja."

Akanitazama. Akatazama karatasi. Nadhani ndipo alipokumbuka jina nililojiandikishia kazi. Akazima mashine. Miaka kumi na moja, ile mashine haijawahi kuzimwa kabla ya saa ya kula.

"Patasi, una uhakika?"

"Soma, Fundi."

Akasoma. Nikajibu, "Ndiye."

Akasoma tena. Nikajibu tena, "Ndiye."

Ya tatu ilichelewa kutoka. Fundi hakunihimiza. Alisimama tu, kofia mkononi.

"Ndiye," nikasema. "Ni yeye. Siyo mimi."

Nililichonga mwenyewe. Chini nikaandika: mwanga wa alfajiri.

Jumamosi tukalisimamisha, mimi na mtunza makaburi. Alipomaliza kushindilia udongo akarudi nyuma, akalisoma herufi moja moja, akakunja uso.

"Dada, mbona mmekosea jina?"

"Hatujakosea. Ndilo lililo kwenye karatasi."

"Karatasi mimi sikuisoma, kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Lakini huyu mtoto siyo huyu. Yule mama alikuwa anamwita jina lingine. Miaka yote. Alikuwa anakaa hapa anamwambia, mwenzio mzima, ameanza shule. Mwenzio amepata kazi, anachonga mawe. Na kila mara anamwita kwa hilo jina."

"Anamwitaje?"

Akalitaja.

Sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. "Niliwahi kumuuliza ni jina la wapi," akaendelea. "Akasema waliletewa na jirani aliyetoka mbali. Kwa lugha yao maana yake ni kaa hapa."

Nilimpigia mama mdogo nikiwa nimepiga magoti kwenye ule udongo mbichi. Nikalitaja mara moja tu.

Kisha nikasikia kitu kimeanguka chini.

"Nani kakwambia jina lako?" akauliza.

Mama hakumwacha dada bila jina. Alitubadilishia majina. Mimi nilitembea mjini na la marehemu, na la kwangu lilikuwa chini ya ardhi kwa miaka thelathini na moja, linaitwa kila mwezi, linaambiwa likae hapo hapo.

Sasa jiwe lina la kwake. La kwangu ni huru, lakini bado sijathubutu kumwambia mtu aniite kwa hilo.

Kama mzazi wako yuko hai, usiridhike kuambiwa jina lako maana yake nini. Muulize lilimgharimu nini kukupa. Muulize leo, maana mimi nimelijua langu kwa mtu asiye ndugu, na aliyenipa hayupo wa kuniita.