Bwana Arusi Aliyejipigia Muziki

Siku Abundio Leal alipomwoa Eudelia palikuwa na shida moja tu: mpiga besi pekee wa mji wa Terán na mashamba yake yote ya michungwa alikuwa bwana arusi mwenyewe. Hakuna mwingine aliyejua kupiga tololoche, lile besi kubwa la mbao linalosimama juu kuliko mtu na kupigwa kwa kukumbatiwa. Basi akavua koti, akapanda jukwaani, akajipigia muziki wa arusi yake mpaka nyama ya mbuzi ikaisha, huku bibi arusi akicheza valsi ya kwanza, dansi ya maarusi, na shemeji yake. Tangu hapo kila Jumamosi ya dansi ikawa ni hivyohivyo, mume jukwaani, mke kwenye kiti pembeni akitunza kofia za wanamuziki. Hawakuwahi kucheza pamoja hata wimbo mmoja, ndoa nzima.

Mwaka huu ndoa inatimiza miaka hamsini, na Eudelia, mama asiyejua kuomba, ameomba kitu kimoja. Anataka valsi ileile, kwa besi lilelile, acheze na mumewe. Na moyo wa Abundio umechoka, daktari ameshasema wazi. Yaani isipokuwa mwaka huu, ndiyo basi tena.

Mzigo wa kupiga besi ukamwangukia Nicandro Cavazos, muuza nyama, mtoto wa ubatizo wa Abundio. Nicandro amepiga gitaa la besi la umeme miaka mingi katika bendi ya Rosalío, mpiga kodiani, na miaka yote hiyo Abundio ameliita gitaa hilo ubao wa kufulia. Kwa hiyo alipoombwa alikubali kwa mbwembwe. Nyuzi nne ni nyuzi nne, alimwambia mkewe Zulema, na zinafungwa kwa mpangilio uleule. Kuna nini cha kumshinda mtu hapo?

Mh! Kilikuwepo. Gitaa lina vyuma vidogo vinavyokata shingo yake, unaweka kidole katikati na noti inatoka yenyewe imenyooka. Shingo ya tololoche ni mbao tupu. Ukikosea unywele, linalia kama ng'ombe aliyezama matopeni. Na nyuzi zile si za kubembeleza, vidole vilimtoka malengelenge mpaka akawa anakata nyama kafungwa vitambaa, wateja wakimuuliza kama kilo ni pamoja na vidole vyake.

Jioni alikuwa barazani kwa Abundio, akitukanwa kwa mapenzi. Mzee aliketi kafumba macho, akasema Nicandro analibana besi kama aliyekamata mwizi, avute uzi kisha auache useme. Asitazame shingo, asikilize. Nicandro akaitikia, ndiyo baba, ndiyo baba, sikio la kulia likitoa lililoingizwa na la kushoto.

Maana alikuwa na akili zake. Alichukua rangi ya kucha ya Zulema, ile nyekundu, akatia vidoti ubavuni mwa shingo, kila noti na kidoti chake. Oh, mambo yakanyooka! Mzee, ambaye macho yake siku hizi hayaoni hata sindano, akamsifu mbele ya watu, na Nicandro akajiona fundi. Msasa wa kweli alikuwa hajapigwa.

Siku ya sherehe alilegeza nyuzi kama wafanyavyo wote, jua la kule lisije likavuta shingo ikapinda, akalilaza besi nyuma ya pikapu. Barabara ni ya mashimo. Kufika ukumbini akakuta kidaraja kimelala, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, ambacho hakigundishwi bali hubanwa na nyuzi zenyewe. Akakisimamisha palepale alipodhani kilikuwa, akakaza nyuzi, akazilinganisha na kodiani, akaridhika. Mpiga tololoche yeyote angejua kwamba kidaraja kikisogea kidole kimoja, kila noti imehama nacho. Lakini mtu wa gitaa noti kwake zimepigiliwa misumari. Hata haikumjia kwamba zinaweza kuhama nyumba.

Abundio akamshika mkewe mkono, wakaingia katikati. Rosalío akafungua kodiani. Nicandro akaweka kidole juu ya kidoti chekundu, akavuta.

Ng'ombe akalia. Akajaribu kidoti cha pili, akalia vibaya zaidi, na kofia zote za ukumbi zikageuka kumtazama. Rosalío akanyamaza. Abundio alikuwa ameshauachia mkono wa mkewe, anakuja jukwaani huku akifungua vifungo vya koti, miguu ikimpeleka ilikozoea. Eudelia hakulalamika. Alitazama pembeni, akakiona kiti, akaanza kukifuata, na Nicandro alipomwona amegeuka aliona aibu ambayo hajawahi kuionja maishani.

"Umepotea, kijana," alisema Abundio, mkono ameunyoosha. "Nipe."

"Sikupi, baba."

"Nipe, watu wanangoja."

"Mama ndiye anayengoja. Rudi kwake. Noti nitazitafuta mwenyewe."

Hapakuwa na mtu Terán aliyewahi kumnyima Abundio besi lake. Mzee akafunga vifungo, akarudi kumshika mkewe mkono. Nicandro akafumba macho asivione tena vile vidoti vya upuuzi, akaegemeza sikio shingoni, akateleza kidole taratibu mpaka noti ikakaa. Akampa Rosalío ishara.

Haikuwa safi. Noti nyingine alizifikia kwa kupanda kutoka chini, nyingine zilimchelewesha, lakini pigo lilisimama, moja zito na mawili mepesi, na watu wakapumua. Tatizo likawa kwingine. Abundio, aliyewachezesha watu wa wilaya nzima, kucheza hakujua kabisa. Alikwenda kulia mke akienda kushoto, akamkanyaga mara ya kwanza, akamkanyaga tena, jasho likimtoka.

Walipopita karibu na jukwaa Nicandro aliwasikia.

"Nimekuumiza," alisema Abundio. "Nikuache ukapumzike?"

"Thubutu," alisema Eudelia, akamvuta karibu.

Valsi ilikuwa imefika mwisho. Rosalío aligeuka kuuliza kwa macho kama wafunge. Nicandro akatikisa kichwa, akaanza upya.