Mgeni Tuliyemwita Umande

Juzi sokoni Ipyana nilisikia watoto wakimtania muuza viazi aliyeshuka kutoka milimani. Walikwisha kumpa jina, na watu wazima wakacheka nao. Mimi niliondoka bila kununua samaki niliowafuata.

Nasi utotoni, enzi ya Mjerumani, tulikuwa hivyohivyo kule Ikolo, bondeni kando ya ziwa. Wakisi waliokuja kwa mitumbwi kubadilisha vyungu kwa ndizi tuliwaita Vyura. Wakinga walioshuka kutoka milimani na majembe waliyofua wenyewe tuliwaita Wana wa Ukungu. Wao walituita Miguu Matope, na hakuna aliyenuna. Bibi alikuwa akisema, mgeni asiye na jina la utani bado hajapata mwenyeji.

Mkinga mmoja alifikia kwetu kila mwaka. Joto la bondeni lilimshinda, jasho likamtiririka kama jani la mgomba alfajiri, nikamwita Umande. Naye huitika, "Naam, Matope." Alipenda sana mbalaga, ndizi zetu za kupika, na akishiba humshukuru bibi kwa lugha yetu, "Ndaga, mama," kwa lafudhi ya kwao, nasi tukacheka.

Vita vya Wazungu vilipofika, askari walipita nyumba kwa nyumba wakikamata wanaume wa kubeba mizigo. Walimkuta Umande ameketi kibarazani kwetu. Bibi akawaambia, "Huyu ni mwanangu, bwana. Ana homa, hata kusimama hawezi." Askari mmoja akamgusa paji la uso, akaona lilivyolowa, wakaanza kuondoka.

Ndipo nilipotokea mtoni na kibuyu changu kichwani. Sikujua lolote. Nikaita kwa furaha, "Umande, umeshuka lini?"

Askari yule akageuka. "Ameshuka kutoka wapi?" akaniuliza kwa upole.

"Milimani. Ni mgeni wetu, anauza majembe." Nilijibu kwa fahari.

Wakamfunga kamba. Aliponipita alinitazama.

Mwaka uliofuata alikuja mkewe, mtoto mgongoni, akimtafuta.

"Walimchukua," bibi akamwambia.

"Walimjuaje?"

Bibi akakoroga chungu. "Askari wana macho," akasema.

Yule mama alinipa mtoto nimpakate wakati anakula. Mtoto akasinzia mikononi mwangu.

Bibi hakunilaumu hata siku moja, na alikufa bila kulitaja jambo lile. Siku hizi majembe yanatoka dukani, na njia waliyoshukia Wakinga imemezwa na vichaka. Mtoto yule, kama yu hai, sasa ni mtu mzima. Mara mbili nimefunga safari kwenda kumweleza. Mara zote mbili niliishia pale mlima unapoanza, nikarudi nyumbani.