Propela Mbili za Baba

Tukuyu mvua hunyesha miezi kumi na tatu kwa mwaka, na mtu aliyekulia huko anayajua maji ya kila aina isipokuwa ya kuogelea. Baba yangu alikuwa bingwa wa maji ya namna hiyo. Aliyakinga kwenye bati, aliyachimbia mifereji migombani, aliyatukana yalipochelewesha lori la chai. Ziwa alikuwa ameliona kwa mbali tu, akiwa juu ya gari, na alisema linafanana na bati jipya.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kiwanda cha chai kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Kila aliyepunguzwa akageuka mfanyabiashara, apende asipende. Jirani yetu mmoja alifungua duka la vioo vya magari pale Ibighi, kwenye mtaa uliokuwa na gari moja, na hilo moja lilikuwa juu ya mawe. Baba akanunua boti.

Sababu ilikuwa kaka yangu. Kaka alioa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, akahamia huko na kujifunza uvuvi kwa wakwe zake. Mkewe alinunua dagaa, akawaleta mpaka soko la Tukuyu. Baba alisema hawezi kula samaki wa mwanawe huku mwanawe anavuta kasia kama mfungwa. Boti ikaundwa kule kule Matema, ya mbao, pana, yenye tumbo. Mashine ya kupachika nyuma ikapatikana Mbeya, mtumba. Ilikuwa nzima kila mahali, ila haikuwa na propela.

Siku hizo ukikosa kitu dukani ulikikuta sokoni, chini, juu ya turubai. Muuza vyuma wa Tukuyu, mzee wa Kiislamu mwenye maneno matamu kuliko bei zake, alikuwa na propela mbili katikati ya pedeli za baiskeli na pasi za mkaa. Alisema tuchukue zote, tujaribu, itakayoshindwa tumrudishie.

Moja mapanga yake yalikuwa yamelala, karibu bapa. Nyingine yalijikunja sana, kama sikio la tembo aliyekasirika. Tulizijaribu kwanza nyumbani Ikuti, mashine imefungwa kwenye pipa la maji. Zote mbili zilimaliza pipa kabla sijahesabu tatu, zikawalowesha kuku, mchungaji aliyekuja kusalimia, na nusu ya kijiji. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, kwa hiyo nilisimama nikatoa mhadhara wa fizikia nikiwa nachuruzika maji. Niliwaambia iliyojikunja huuma maji mengi kwa kila mzunguko, hivyo ina mbio. Iliyolala huuma kidogo, lakini inavuta mzigo. Kaka, aliyekuwa amepanda kutoka ziwani kuja kuifuata mashine, akasema kwa ufupi kuwa ni gia za Landrova, mlima haupandwi kwa namba nne.

Hilo la mlima lilikuwa na maana kwake. Samaki wazuri walikuwa kusini, chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima umeingia ziwani wima kama ukuta wa kanisa. Hakuna ufukwe wa kukimbilia. Ukishapakia nyavu, samaki na watu, lazima uwe umerudi Matema kabla mwera, ule upepo wa kusini, haujaamka, na mwera ukiamka unaamka na hasira za ziwa zima.

"Mimi sitafuti mbio, baba," kaka alisema. "Natafuta kurudi."

Baba akajibu kwamba anayekimbia ndiye anayewahi kurudi.

Tukashuka Matema kwa majaribio, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani kwenye joto la kuoka mkate. Mpango wa kaka ulikuwa rahisi. Boti hujaribiwa na mzigo, na mzigo wa kule ni watu: unawajaza mpaka mbao ziingie majini, unawasha, unasikiliza mashine. Wanaume wengi walikuwa kwenye mpunga, kwa hiyo shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa amekusanya wanawake wenzake wa biashara ya dagaa. Walikuwa wanacheka mchangani, wakitaniana nani mzito, nani atakaa katikati.

Ndipo baba akapanda botini na kuketi mbele.

Asiyekuwa wa kwetu nimweleze. Mwanamke wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe wake. Tunaita kutila. Hapiti njia yake, haketi naye, hatamki jina lake. Akimwona anajifunika na kujificha. Na si mke wa mtoto tu. Wake za rafiki za mtoto, wa rika lake, nao ni wakwe. Wale wanawake walitoweka kama vifaranga walioona mwewe. Dakika ile ile ufukwe ulikuwa mtupu, umebaki na nyayo.

Shemeji aliniita kutoka nyuma ya lundo la vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe, vilivyokuwa vinasubiri wanunuzi. Nilimsikia tu, kanga imemfunika mpaka puani.

"Shemeji, mwambie mwenzio amshushe mwenye boti. Boti tupu haisemi ukweli."

"Nimshushe mimi?"

"Basi msomee fizikia," akasema. "Si ndiyo kazi ya shule yenu ya usiku?"

Nilimpelekea kaka ujumbe. Kaka akaenda, akachutama majini kwa heshima, akasema joto la huku ni kali, pengine baba angepumzika kivulini.

"Nimepumzika humu," baba akasema.

"Tunataka kupakia watu, baba. Tuone inavyovuta."

"Pakia." Baba akageuka, akautazama ufukwe wote kutoka mwisho hadi mwisho. "Watu wenyewe wako wapi?"

Kaka alinitazama. Mimi nilitazama maji. Kumwambia baba yako kwamba yeye ndiye aliyewafukuza watu, wakati waliokimbia wamekimbia kwa kumheshimu, sijui ni Kinyakyusa gani kingebeba maneno hayo. Tukaondoka watatu.

Tulianza na iliyolala. Mashine ililia mpaka milima ikajibu, na boti ikaenda polepole kama bibi harusi. Baba akasema hizi ni kelele za mlevi asiye na nguvu. Tukarudi, tukabadili. Hiyo iliyojikunja, ndugu yangu, ilituinua. Naapa kuna mahali ziwa halikutugusa kabisa. Koti la baba lilijaa upepo, naye akacheka kwa sauti, na tangu kiwanda kimtoe sikuwa nimeyaona meno yake.

"Baba, tuko watatu tu," kaka akasema tulipofika.

"Nimeona kwa macho yangu."

Hiyo ikawa ndiyo hukumu. Propela iliyolala ikarudi Tukuyu kwenye turubai, na wiki iliyofuata haikuwepo.

Kwa muda kaka alipakia nusu. Alijua. Boti ikiwa nusu ilikimbia vizuri, na vijana wa Matema walimpigia miluzi. Lakini nusu boti ni nusu samaki, na baba alituma salamu kutoka Ikuti kuuliza kama nusu nyingine ya chombo chake ina ugonjwa. Kisha ukaja msimu wa mwera. Ziwa lilifungwa kwa siku nyingi, na siku lilipofunguka kila mvuvi alijaza. Kaka naye alijaza.

Nilikuwa Matema nikimsaidia shemeji kuanika. Upepo ulianza mchana kweupe, anga safi, jua limewaka, ndiyo tabia yake mbaya. Tuliisikia mashine kabla ya kuiona boti. Ilikuwa inanguruma chini chini, kama mashine ya kusaga iliyotiwa mahindi mabichi, haipandi, haishuki. Halafu tukaiona: mkia umezama, pua imeinuka, mawimbi yanaifuata kwa nyuma na yanaipita. Alikuwa amefungua mafuta yote. Nilijua kwa sauti. Chombo kile kilichotupaisha sisi watatu hakikuweza kulikimbia hata povu lake chenyewe.

Tuliona wakitupa. Magunia kwanza, kisha nyavu. Shemeji alikuwa anasema taratibu, tupa, tupa, kama anamlisha mtoto. Boti ikaanza kunyanyuka, naapa ilianza, na hapo mashine ikanyamaza. Ilikuwa imechemka. Boti ikageuka ubavu kwa wimbi. Wenzake wawili walifika kwa kushikilia dumu. Kaka hakufika.

Wenye vyungu wa Ikombe walimleta asubuhi iliyofuata ndani ya mtumbwi wao, wakamlaza mchangani juu ya mkeka. Baba alikuwa amefika alfajiri. Alikuwa anateremka ufukweni na lile koti, na shemeji alikuwa tayari amepiga magoti kando ya mumewe.

Wanawake walimvuta mkono, wakamwambia mkweo anakuja, funika, njoo huku. Hakufunika. Hakuinuka. Aliendelea kumtoa mchanga masikioni kwa ncha ya kanga. Sote tulisimama tukingoja kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Baba alisimama. Akainamisha macho mpaka kwenye vidole vya miguu yake, akageuka, akapanda tena mchanga. Akaketi nyuma ya ukuta wa kibanda cha kuhifadhia nyavu, mgongo wake kwetu. Nilimfuata. Jua likatukuta pale, likapanda. Toka upande wa pili tulisikia shemeji akiomba maji ya kuoshea, kisha akiomba mengine.

"Amemaliza?" baba akaniuliza.

Nikachungulia.

"Bado, baba."

Akavua koti, akaliweka magotini, akaendelea kungoja.