Aliyesimama Chini ya Toroli

Kisa hiki nimewasimulia watu watatu, na wote watatu waliniambia lilikuwa jua. Sawa, na liwe jua. Lakini mimi nilikuwepo na wao hawakuwepo, kwa hiyo wewe nisikilize kwanza, halafu useme upendavyo.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Gongoni, mtu wa bara niliyekuja pwani kutafuta riziki. Kazi yangu kubwa ilikuwa winchi, ile mota iliyovuta toroli la chumvi kwa kamba ya chuma likapanda reli za mteremko hadi kwenye mashine ya kusaga. Mota ile ilikuwa na breki ya sumaku. Acha nikueleze, maana bila hilo hutanielewa. Umeme ukiwaka, koili, ule msokoto wa nyaya za shaba, huwa sumaku, huivuta sahani ya breki, na mota huzunguka. Umeme ukikatika, sumaku hufa na springi huisukuma sahani ibane. Yaani breki hiyo hushika pale umeme unapokufa. Pembeni ina mkono wa chuma wa kuiachia, na mkono huo ni wa matengenezo tu.

Siku moja, mawingu ya masika yakiwa yameshaanza kujikusanya, koili iliungua. Breki ikabana, winchi ikagoma. Koili nyingine ilikuwa lazima itoke Mombasa, na chumvi ilikuwa imelala mashambani ikingojea mvua iiyeyushe. Msimamizi aliniambia nifanye nifanyavyo, toroli lipande. Basi nikachukua waya, nikaufunga ule mkono wa breki ubaki wazi. Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata Charo, aliyeendesha winchi. Nilijiambia ni siku mbili tatu tu. Haraka haraka haina baraka, wazee walishasema, lakini nani huwasikiliza wazee mvua ikiwa njiani?

Kesho yake stima ilikatika toroli likiwa juu, limejaa. Charo aliiondoa mikono yake akingoja breki ishike, kama alivyofanya kila siku. Haikushika. Chini ya reli alikuwa Mzee Karisa, Mgiriama mmoja mpole aliyejaza chumvi kwa beleshi, ameupa mteremko mgongo.

Watu walipokuwa wakimkimbilia Mzee Karisa, mimi nilikimbilia winchi. Nikaufungua waya nikautia mfukoni. Wakubwa walipokuja waliikuta breki imebana vizuri. Wakaniuliza mimi fundi, nikasema ile koili nilikuwa nimeiunga kwa muda, ikaungua tena stima ilipokatika, na kwamba huenda Charo aliuvuta ule mkono kwa bahati mbaya. Niliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. Charo akasimamishwa kazi. Ofisi ingelikata shauri lake Jumatatu, na kila mtu alijua angefukuzwa na kukabidhiwa polisi. Alikuwa na watoto watano. Nilimzika Mzee Karisa pamoja na wenzangu, nikakaa kwenye hanga lake, yale matanga ya Kigiriama, hadi likaisha, na sikutoa chozi. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu ukafa ganzi.

Koili ilifika Jumamosi. Nilingoja saa saba mchana, watu wote wakiwa wameenda kula, ili nifanye kazi peke yangu. Wenyeji wa pwani hawapendi saa hiyo. Husema jua likiwa la utosi usitembee peke yako mahali pa wazi, maana si wewe tu unayetembea. Mimi mtu wa bara nilikuwa nikiwacheka.

Nilizima swichi kubwa, nikaifunga kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Nilifungua kifuniko. Chumvi ilikuwa imetia kutu kila mahali, nikaanza kukwangua na kupangusa, maana sahani ya breki haitaki kutu wala tone la mafuta. Kivuli kikaangukia kazi yangu. Nikainua kichwa, na hapo alikuwa amesimama Mzee Karisa.

Alikuwa na shati lake lile lile na miguu yake iliyoganda chumvi hadi magotini. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Sijui. Naapa sijui. Mdomo wangu ulisema shikamoo kwa mazoea, naye akaitikia marahaba. Kisha akachuchumaa upande wa pili.

Alinisaidia kazi. Niamini, alinisaidia. Springi zile hubanwa na watu wawili kwa mtaimbo, lakini yeye alizibana kwa vidole gumba na kuzishikilia hadi nilipokaza skrubu. Nilipopima nafasi kati ya koili na sahani kwa vile vibati vyembamba, aliniambia upande wa chini umeachia zaidi. Nikapima tena, kweli ulikuwa umeachia. Nafasi hiyo lazima iwe sawa pande zote, la sivyo sahani hushika upande mmoja na kuliwa haraka. Nikarekebisha. Nilisikia njaa, nakumbuka hilo.

Tulipomaliza nikatoa kufuli, nikawasha. Breki ya winchi haiaminiwi mpaka ijaribiwe na mzigo. Kwanza unalipandisha toroli hatua moja, unakata umeme, unaona kama limesimama. Nililipandisha, nikakata, likasimama. Kisha unalipeleka hadi katikati ya mteremko na kukata tena, na hapo sharti ni moja: chini pasiwe na kiumbe.

Toroli lilipofika katikati nilitazama chini. Mzee Karisa alikuwa amesimama katikati ya reli, pale pale, ila safari hii uso wake ulinielekea mimi.

Nikamwambia, "Mzee Karisa, tafadhali ondoka hapo."

"Siku ile hukuniambia niondoke," akasema. Hakupaza sauti, lakini niliisikia kana kwamba yuko kando yangu. "Kata."

Na mimi nikakata.

Toroli likasimama kama limepigiwa msumari. Nilipotazama tena reli zilikuwa tupu. Niliketi kwenye sakafu ya winchi, na kengele ya saa nane ilipolia nikaenda ofisini, nikauweka ule waya mezani na kusema yote niliyoyatenda. La Mzee Karisa kuja sikulisema.

Charo alirudishwa kazini. Mimi nilifukuzwa, nikaandikisha taarifa polisi, nikakaa ndani miezi kadhaa. Nilipotoka nikaenda kwa mke wa marehemu, nikamsimulia kila kitu, pamoja na ile saa saba. Alinipa maji kwenye kikombe cha bati akasikiliza hadi mwisho. Hakushangaa kwamba mumewe alikuja. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ulikata, yeye akiwa amesimama pale?"

Nikasema, "Nilikata, mama."

Akanyoosha mkono akakichukua kikombe kabla sijamaliza kunywa, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tangu hapo sijalia. Mama yangu mzazi amekufa, sikulia. Mwanangu wa kwanza alizaliwa, wakanipa nimbebe, nikambeba kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo barabarani. Watu wakinisikia huuliza kama nilimwogopa mzuka. Sikumwogopa. Ninachokiogopa hadi leo ni kwamba nilimwona mtu chini ya mzigo, sikujua kama breki itashika, na mkono wangu haukutetemeka.

Wewe unayeshika spana, nakusihi. Breki ikikataa kuachia, iache ikatae, hata chumvi yote iyeyuke. Zima, funga kwa kufuli, ufunguo ukae kwako. Usifunge ule mkono kwa waya wala kamba, hata kwa dakika kumi. Na kama umeshaufunga na mtu akaumia, sema siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua. Usingoje mwenyewe aje kukusaidia kazi.