Majoho ya Amzie Broussard

Pamba ya gereza letu la Tallow Creek ililimwa na wafungwa, ikafumwa na wafungwa, na mwisho ikaletwa kwangu ishonwe. Mimi ndiye niliyesimamia chumba cha cherehani. Shule niliishia darasa la sita, lakini suruali iliyopinda haikutoka mikononi mwangu, na mkuu wa gereza alilijua hilo.

Fundi wangu mkubwa alikuwa Amzie Broussard, mtu wa mji wa Beaumont, aliyeingia kijana akaota mvi mbele yangu. Kila nguo aliyoimaliza aliipiga kifuani, kwa rangi, namba ya mfungwa atakayeivaa. Nguo bila namba haikuvuka mlango.

Mchana, wafungwa wasio na cheti cha shule walikwenda darasani kwa Mwalimu Dwyer. Amzie aligoma miaka na miaka. "Bi Nettie, kichwa changu kimeshakuwa kwato," alikuwa akiniambia.

Kisha mama yake, Bi Oralee, akaanza kuugua macho. Siku ya kutembelewa akamwambia, "Mwanangu, nimekuona na hiyo namba mpaka nimechoka. Kabla macho hayajazima nataka nikuone umevaa kitu kingine."

Kutoka asingetoka, kifungo chake kilikuwa cha maisha. Nguo pekee isiyo na namba pale ndani ilikuwa joho la mahafali. Basi akaingia darasani. Hesabu zikamwangusha, akarudia, zikamwangusha tena. Mara ya tatu akapita. Na majoho ya bluu yalipoagizwa, akasema atayashona yeye, yote.

Asubuhi ya mahafali nikafungua kabati. Kila joho lilikuwa na namba kifuani, nyeupe pe!

"Amzie! Umefanya nini?"

Akatazama, akakaa sakafuni. "Mikono, Bi Nettie. Mikono imefanya yenyewe."

Wahitimu wenzake wakaangua kicheko. "Wewe mzee," akasema Cleophus wa jikoni, "ukifika mbinguni utawapiga namba hadi malaika!"

Lakini Amzie hakucheka.

"Mwambieni mama naumwa," akasema. "Sendi."

Basi la kanisa lilikwisha fika langoni, na mama yake yumo. Na rangi ile haitoki. Ukiisugua kwa mafuta ya taa inatambaa nguo nzima. Nikalichukua joho moja, nikaligeuza ndani nje. Amzie alilishona kama tushonavyo suruali za shamba: kila ukingo umekunjwa ukalazwa, hakuna uzi unaoning'inia. Na kitambaa kilikuwa kizito, rangi haikupenya.

"Vaeni hivi," nikasema.

"Tutachekwa, Bi Nettie," akasema Cleophus.

"Na nani? Mkuu wa gereza akidondokwa na kifungo cha shati huniletea mimi. Vaeni!"

Wakavaa. Kwenye bwalo la chakula waliitwa majina, si namba, na Amzie alipoitwa, Mwalimu Dwyer alitoa kitambaa akapenga kamasi. Halafu jamaa wakaruhusiwa kukumbatia, mara moja tu, askari wa zamu, Bosi Hatcher, amesimama kando na funguo zake.

Bi Oralee alikuwa amewashonea watu nguo maisha yake yote. Mkono wake ukapita begani kwa mwanawe, ukakuta mshono, ukasimama.

"Nani kashona hili?"

"Mimi, Mama."

"Umelivaa ndani nje."

Amzie akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

Kiganja kikashuka kifuani, pale rangi ilipokaukia upande wa ndani. Nikaona vidole vikiupapasa ule ugumu, taratibu, kisha vikatulia. Nikajua amejua. Amzie naye alijua. Macho aliyafumba kabisa.

"Limekukaa," Bi Oralee akasema. "Hebu geuka nikuone mgongo."

Akageuka, mtu mzima yule, polepole, kama mtoto anayepimwa nguo ya Pasaka.

"Geuka tena, baba."

Muda ulikuwa umekwisha. Bosi Hatcher akatazama saa, akatutazama, akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo.

Amzie akageuka tena.