Koti la Fundi

Leo fundi amefungua bomba la maji machafu jikoni kwangu, na ile harufu ya mafuta yaliyoganda imenirudisha utotoni, kwenye nyumba yetu ya Kaloleni.

Maji yalikuwa yamejaa uani hadi mlangoni. Baba alikuwa kazini kwenye reli. Mama alimwita fundi wa mtaani, mtu mpole, akaja na waya wake mrefu wa kuzibulia na koti safi.

"Vua koti, fundi, litachafuka," Mama alimwambia. Mama mwenyewe akalitundika kwenye msumari, nyuma ya mlango.

Fundi alikuwa amepiga magoti, mkono ndani ya bomba hadi begani, askari wa msako walipoingia wakidai vipande. Siku hizo za mkoloni, mwanamume Mwafrika asiyekuwa na kipande, kile kitambulisho chake, alikamatwa.

"Kiko kwa koti, afande. Koti liko hapo ndani."

"Utaeleza huko mbele."

Wakampakia kwenye lori lao. Mama alilitoa koti mbio. Alilifuata lori akiita, koti juu, hadi akasimama katikati ya barabara amelikumbatia.

Waya ulibaki ndani ya bomba. Hatukuweza kuuvuta wala kuusukuma, na maji yakazidi kupanda. Mama alilifua koti, akalipiga pasi, akalirudisha kwenye msumari uleule. Hakuna aliyekuja kulichukua.

Fundi wa leo ameanza kuvua koti lake, akiniuliza aliweke wapi.

"Kaa nalo tu," nimemwambia.

"Litachafuka, mzee."

"Wacha lichafuke."