Posa Kwenye Dirisha la Lori

Mume wangu hupita nyumbani kila wiki. Sikusema hufika, hupita. Nyumba yetu ya vyumba viwili inaitazama barabara kuu, na mbele yake kuna matuta, basi hapo lori lake hupunguza mwendo. Anapiga honi, mimi natoka mbio kumrushia mfuko wa nguo safi kabini, na yeye ananirushia mfuko wa nguo chafu. Hiyo ndiyo ndoa yangu. Jirani mmoja aliwahi kuniambia eti nina bahati, mume wangu hanisumbui. Niliingia zangu ndani, maana ningefungua mdomo tungefikishana polisi.

Kisa chote ni kile kidude cha ofisini. Wamekifunga kwenye lori, na gari likisimama pasipo ruhusa, bosi anaarifiwa papo hapo. Wanasema ni kwa sababu ya wezi wa dizeli. Sawa, wezi wapo. Lakini mwenzake mmoja alisimama kujisaidia porini, tumbo linamkata, na alipofika kituoni akakuta gari lake amepewa mtu mwingine. Tangu hapo mume wangu hasimami ila kwenye maegesho ya kampuni. Analala kwenye kitanda chembamba nyuma ya kiti, anakula ameegemea usukani. Likizo yake ni lori likiharibika. Nimefika mahali naliombea liharibike, Mungu anisamehe.

Sasa binti yetu, kifungua mimba, akapata mchumba: kijana mpole, fundi wa gereji, tumeshamzoea. Ndugu zake wakapanga siku ya kuja kuposa. Nikampigia simu mume wangu.

"Omba ruhusa, baba watoto. Siku moja tu."

"Nimeomba. Wamesema mzigo hausubiri posa."

"Hata saa moja?"

"Nitapita mchana. Wewe waambie nimekubali."

Eti nimekubali! Nilikata simu nikalia kwa hasira. Umlee mtoto wa kike mpaka awe mtu mzima, halafu siku anaposwa baba yake awe hewani kama taarifa ya habari? Subira yavuta heri, wanasema. Yangu imevuta vumbi tu.

Siku ikafika. Wageni wakajaa sebuleni, soda zikafunguliwa. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mnene aliyebanwa na suti. Nikamweleza hali ilivyo. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, mimi sichukui mtoto wa mtu kwa simu. Baba yake yu hai, si marehemu. Nataka kulisikia neno kinywani mwake."

"Basi vaa viatu," nikamwambia, "maana anakuja, na hasimami."

Alidhani natania. Mara vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka, nami ile injini naijua kuliko ninavyoijua sauti ya mwenyewe. Tukatoka mbio, wageni wote nyuma yetu. Lori likaingia kwenye matuta kwa gia ya chini kabisa, linajikokota, na magari ya nyuma yanapiga honi na kututukana. Mjomba akatembea mbiombio kando ya mlango wa kabini, tai imemrukia begani. Mimi nikamfuata, binti nyuma yangu.

"Mzee mwenzangu! Tumekuja... kumposa... binti yako!"

"Karibuni sana!" mume wangu akajibu kutoka juu. "Samahani kwa kuwapokea hivi!"

Samahani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtaa mzima unacheka, nami nimelikunja gauni langu la shughuli mkononi, nakimbizana na lori.

"Kijana wetu ana adabu," mjomba akaendelea, anahema. "Tena nina habari... utafurahi mwenyewe. Gereji ameacha. Amepata lori! Masafa marefu! Ni mwenzako sasa!"

Nikamgeukia binti. Akatazama chini. Kumbe alikuwa anajua.

Breki zikatoa upepo, pshaa! Lori likasimama katikati ya barabara. Mume wangu akashuka, magoti yamemkakamaa, akajishikilia kwenye mlango kwanza. Nikamwona mzima, kichwa hadi miguu: tumbo limeongezeka, miguu imekonda. Simu ikaanza kulia kabini. Hakuigusa.

"Simtoi," akasema.

Mjomba akafuta jasho. "Kwa nini tena, ndugu yangu?"

"Muulize mama yake anaishi vipi."

Jamani, nilishikwa na butwaa. Miaka yote nilidhani akiwa kule juu haoni kitu ila lami. Kumbe aliona, akajua, na bado akaendelea kupita! Sikujua nimkumbatie au nimzabe kofi. Kabla sijaamua, binti akanipita.

"Baba, nilipomaliza shule ulipita. Nilipolazwa ulipita. Leo ndiyo mara ya kwanza umesimama kwa ajili yangu, na umesimama kunikatalia?"

Baba yake akanitazama mimi, nimsaidie. Mimi! Niliyejibu maswali ya watoto hawa peke yangu, ya shule, ya homa, na lile la baba yuko wapi.

"Mjibu mwenyewe," nikamwambia. "Leo upo."